Nilitangaza pumu ya mpwa wangu mbele ya mji mzima: je, tamasha la uwanjani lina faida?

Wakuu, asalaam aleikum, na kwa wasioitikia hiyo, habari za mchana.

Nimefuatilia yale mabishano ya juzi kuhusu matamasha makubwa ya uwanjani. Wengine mnasema hakuna raha kama hiyo, wengine mnasema ni kujitesa kwa hiari. Sikuchangia kule kwa sababu langu ni refu.

Naliandika hapa kama lilivyonipata. Picha sina, video sina. Mkiona mahali nimejipendelea niambieni, ingawa sidhani mtapaona, maana katika habari hii mimi sikutoka vizuri.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa Kaskazini Mashariki ya Kenya. Shule niliacha darasa la sita. Lori la ng'ombe lilikuwa linaondoka kwenda Masalani, nami nikataka kujua Masalani kukoje, basi.

Tangu siku hiyo nimevusha watu mto Tana kwa mashua, nimepakia mbuzi soko la Griftu, nimekuwa utingo wa lori mpaka Mandera. Hakuna kazi iliyonishika mwaka mzima. Nikisikia kuna kitu sijakiona, miguu inaniwasha.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba mwimbaji mmoja mkubwa wa Kisomali anayeishi ng'ambo anakuja Garissa, na ataimba uwanjani, mchana, mimi nilishajihesabu ndani.

Sikuwa na haja sana na nyimbo. Nilitaka kuona mtu mmoja anawezaje kushika maelfu ya watu kwa mdomo. Mnada wa ngamia nimeuona, umati wa Idi nimeuona. Hili sikuwa nimeliona.

Sasa aliyetaka nyimbo ni Hodan.

Hodan ni binti wa dada yangu mkubwa anayeishi Eldas. Yuko hapa Garissa anasomea ualimu. Kwetu mjomba anaitwa abti, na mjomba naye humwita mpwa wake abti hivyo hivyo. Kwa hiyo mimi ni abti wake, naye ni abti wangu.

Hodan ana pumu tangu mdogo. Anatembea na ile pampu ndogo ya bluu ya kuvuta mdomoni.

Na Hodan ameposwa.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Familia iliyomposa ni watu wa biashara, wa hapahapa Garissa, watu wazuri. Ila dada yangu alikuwa ameamua kwamba habari ya pumu isitajwe mpaka nikah ipite.

Pumu si aibu, najua. Lakini mnajua maneno ya watu. Ataweza kukaa jikoni na moshi? Watoto hawatairithi? Huyo hachoki? Dada akasema, “Wamuone kwanza yeye, ugonjwa watauona baadaye.”

Nilipompigia simu kuomba ruhusa ya tamasha, akasema:

“Dahir, wewe mbuzi wawili tu walikushinda kuwafikisha kisimani.”

“Aliyepotea alikuwa mmoja, na alirudi mwenyewe.”

“Alirudi tumboni mwa fisi. Sikiliza. Mama mkwe wake naye anaenda, na mabinti zake, wamemwalika Hodan akae nao. Siwezi kukataa. Lakini wewe usimwache. Hata hatua moja.”

Nikaapa. Wallahi niliapa, huku nikijua nusu ya kiapo haiwezekani, kwa sababu tamasha la kwetu lina mlango wa wanaume na mlango wa wanawake. Sikutaka kumkumbusha, angekataa.

Siku yenyewe tulifika saa nane mchana. Jua linachoma utosi. Upepo ulikuwa umeanza kunyanyua vumbi lile jekundu la kwetu, linaloingia mpaka kwenye meno.

Foleni mbili. Wanaume kulia, wanawake kushoto, katikati kamba.

Mama mkwe mtarajiwa alikuwa ameshafika na mabinti zake wawili. Mwanamke mnene, sauti nzito, manukato unayanusa kabla hujamwona. Nitamwita Mama Sahra. Akamshika Hodan mkono kama mtu aliyepokea mgeni wa heshima, wakaingia kwenye foleni yao. Nami nikasogea sambamba nao upande wangu wa kamba, nikitimiza kiapo kadiri nilivyoweza.

Walipofika langoni, mwanamke mlinzi akapaza sauti: “Mikoba hairuhusiwi! Simu mkononi, mkoba hapana!”

Nyuma watu wanasukuma. Hodan akageuka, akaninyooshea mkoba wake juu ya kamba.

“Abti, nishikie.”

Nikaupokea. Akaingia.

Mnaona kilichotokea? Mimi sikuona.

Na ubaya ni huu. Nilipofika lango langu, askari kijana mmoja akaucheka ule mkoba. “Mzee, umependeza. Umenunua wapi?” Watu wakaangua kicheko. Akaufungua kuukagua. Kioo, chanuo, kitabu kidogo cha dua, pampu ya bluu. Akaishika pampu akaniuliza, “Na hii?”

Nikamjibu kwa mdomo wangu mwenyewe: “Dawa ya pumu.”

Kwetu wanaume hakuna aliyekuwa amekataza mikoba, akaniruhusu. Nikaingia. Niliisema, wakuu, na kichwa changu hakikusikia mdomo unasema nini. Nilikuwa nimeshaanza kushangaa spika.

Zile spika zilipangwa kama nyumba ya ghorofa. Katikati ya uwanja, kuanzia mbele ya steji mpaka nyuma kabisa, palikuwa na uzio wa mabati na kamba, na mabaunsa wamesimama kila hatua kumi. Huku sisi, kule wao. Nilichokiona kule ni rangi tu, mashuka ya kujitanda ya kila namna yanapepea.

Karibu yangu alisimama mzee mwenye ndevu za hina, mnunuzi wa ngamia. Analalamika bila kukoma. “Huyu anaimba habari za ngamia na hajakamua hata mmoja. Ngamia akimwona atamkimbia.”

“Sasa umekuja kufanya nini, mzee?”

“Nimekuja kuhakikisha.”

Nikacheka sana. Huyo alikuwa mtu wa kabila langu la udadisi.

Ilikuwa kama saa tisa upepo ulipochachamaa. Watu walikuwa wanacheza zile nyimbo za kupasha moto, na miguu ya watu wengi hivyo kwenye uwanja usio na majani inafanya kazi kama kundi la ng'ombe. Vumbi likasimama. Steji ikapotea kidogo. Mzee wa hina akajifunika kilemba puani, akakohoa.

Alipokohoa tu, mkono wangu wenyewe ukaenda kwenye mkoba.

Nikaishika pampu ndani ya mkoba, nikatoa simu yangu.

Nikapiga simu yake. Haikwenda. Nikapiga tena. Kila mtu uwanjani alikuwa anarusha video na mtandao ulikuwa umekufa. Ujumbe ukakaa unazunguka, unazunguka.

Nikajipenyeza mpaka kwenye uzio. Baunsa akaniwekea kiganja kifuani.

“Rudi, kaka.”

“Nina mpwa wangu kule. Ana shida.”

“Kila kijana hapa leo ana mpwa kule. Huyu wa kabla yako alikuwa na shangazi watatu.”

Watu wakacheka. Nikataka kumwambia ni pumu. Neno likafika kwenye ulimi. Kisha nikatazama nyuma yangu nikaona nyuso ninazozijua, watu wa mji, watu wa sokoni, na Garissa si mji wa kusema kitu mbele ya watu ishirini ukategemea kisifike kwa wakwe kabla ya magharibi.

Nikalimeza.

Nikatoka nje kwa lango la wanaume. Wakanionya: ukitoka huingii tena. Nikasema sawa. Nikazunguka mbio mpaka lango la wanawake.

Mlinzi yule yule. Nikamwambia nina kitu cha Hodan.

“Hodan yupi? Humu ndani nikiita Hodan nusu yao watageuka. Na mimi siondoki hapa.”

Kulikuwa na wasichana waliochelewa wanaingia. Nikamsimamisha mmoja kwa adabu zote. “Dada yangu, naomba umpelekee kitu hiki msichana aliye mbele, amekaa na mama mmoja mnene…”

Alinitazama mimi, akautazama mkono wangu uliofumbatwa. Sikuwa nimeufungua.

“Kitu gani?”

“Ni… kitu chake tu.”

Akarudi hatua mbili nyuma. Na alikuwa na haki! Hapa kwetu siku hizi hakuna anayepokea kwa mtu asiyemjua kitu asichokijua, akaingia nacho penye watu wengi. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Mwenzake akamvuta mkono, “Twende, huyu anatafuta namba ya simu,” wakaingia. Mlinzi naye akaanza kunitazama kwa jicho jingine.

Nikafikiri: nikisema tena neno moja la kificho, nitalala chini na mikono kichwani.

Hapo ndipo adhana ya alasiri ilipoanza.

Muziki ukakatwa. Wakuu, sijawahi kusikia kimya kama kile. Kelele ya zaidi ya saa nzima imeondoka ghafla, unasikia mpaka mabati yanavyotikiswa na upepo. Watu wakaanza kupanga safu, huku na kule.

Na katika kile kimya nikasikia kukohoa kutoka upande wa wanawake. Kulikuwa na kukohoa kwingi, vumbi lilikuwa la wote. Lakini mimi kila kikohozi nilikisikia ni chake.

Sikusali. Mungu anisamehe. Nilikimbia kwa nje mpaka mlango wa nyuma ya steji.

Askari wa pale alikuwa amesimama kwenye safu ya swala, nikapita. Mtu pekee aliyekuwa amekaa ni mtangazaji wa jukwaani, kijana wa Nairobi, kofia imegeuzwa, amekalia sanduku la spika anakunywa maji.

Nikamwambia, “Ndugu yangu, nisaidie kutangaza jina.”

“Mtoto amepotea? Sema tu boss, tutaita wakimaliza kuomba.”

Akanipa karatasi na kalamu.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye habari yenyewe.

Kwetu jina moja si jina. Hodan ni wengi. Hodan Abdi bado ni wengi. Ukitaka mtu mmoja tu kati ya maelfu, unaweka jina lake, la baba, la babu, na mahali watu wake walipo. Ukifika hapo umemshika, hawezi kuwa mwingine. Ndivyo tunavyotafutana tangu enzi za mababu, na haijawahi kushindwa.

Kwa hiyo niliandika: Hodan Abdi Guure wa Eldas.

Nilipoandika “Guure” nikajua ninachofanya. Nikitangaza hivi, hakuna mtu Garissa atakayesema labda ni Hodan mwingine. Njia ile ile ya kumpata ndiyo ya kumwanika.

Kalamu ikasimama. Ningeweza kuandika “dawa yako iko na mjomba wako, lango la wanawake” nikaishia hapo. Dawa ni dawa, inaweza kuwa ya kichwa.

Lakini nilikuwa nimeshawaza kitu kingine. Kama hawezi tena kutembea? Kama amekaa chini na walio karibu naye hawajui ni nini? Akilielewa neno dawa yeye peke yake, itasaidia nini?

Nikaongeza: ya pumu.

Herufi zikatoka kama za darasa la pili. Kijana akasoma, akanitazama, akasema, “Poa.” Swala ilipokwisha akapanda.

Wakuu, yule kijana hakujua uzito wa alichoshika. Kwake lilikuwa tangazo. Alilisoma kwa furaha ile ile anayotumia kumtambulisha msanii.

“Garissaaa! Mko area? Namtafuta msee wangu mmoja! Hodan! Abdi! Guure! Wa Eldas! Dawa yako ya pumu iko na anko wako hapa geti ya mamanzi! Narudia, Hodan Abdi Guure, dawa ya pumu!”

Spika za ghorofa tatu. Nadhani ngamia walio ng'ambo ya mto walisikia.

Nikarudi mbio kwenye hiyo geti ya mamanzi, yaani lango la wanawake. Mlinzi safari hii hakuniuliza kitu. Alikuwa amesikia. Mji mzima ulikuwa umesikia. Akasogea pembeni kidogo ili nione ndani.

Nikangoja.

Hakuja mtu.

Muziki ukarudi. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe, sijui kwa nini. Nikafikiria nitamwambia nini dada, nikaona kila sentensi inaanza na “niliapa”. Mlinzi akanyoosha shingo, akasema polepole, “Labda ameondoka.” Nikamwambia hajaondoka. Akasema, “Nipe, nitaingia mwenyewe.” Akavua kizibao chake cha kazi, akanyoosha mkono.

Kabla sijampa, umati ukapasuka.

Mama Sahra alikuwa anakuja kama lori lisilo na breki, mkono mmoja anasukuma watu, wa pili amemkumbatia Hodan kiunoni. Shuka la Hodan limeanguka mabegani, midomo imekuwa rangi ya majivu, mabega yanapanda na kushuka, na ile sauti ya filimbi kifuani naisikia kutoka hatua tano.

Mama Sahra hakunisalimu. Aliinyakua pampu mkononi mwangu, akaitikisa, akamwekea mdomoni.

“Vuta. Vuta, mama. Tena.”

Akavuta. Tukangoja. Akavuta tena. Walimkalisha chini, mgongo kwenye ukuta, mabinti wawili wanampepea na karatasi za matangazo. Mlinzi wa kike alichuchumaa naye, ameshika viatu vya Hodan, hata sijui vilimtoka lini.

Baada ya muda, sijui dakika ngapi, filimbi ikapungua. Hodan akafumbua macho akanitazama. Yale macho nayaona mpaka leo.

Mama Sahra ndiye aliyesimama mbele yangu.

“Wewe ndiye abti?”

“Ndimi.”

“Unajua nilikuwa namfanya nini mle ndani?”

Nikatikisa kichwa.

“Nilidhani ni jicho la watu. Msichana amependeza, amekaa na sisi mbele, nikasema wamemtia jicho. Nikamfunika shuka uso mzima namsomea dua. Yeye ananikwaruza mkono nami namwambia tulia. Nilikuwa namziba pumzi, mimi, kwa mikono yangu, nikisoma Kurani.”

Akajifuta machozi kwa ncha ya shuka lake.

“Niliposikia pumu ndipo nikamfunua.”

Niliuweka mkoba wa Hodan mapajani pake.

Mwimbaji alipanda saa kumi na moja. Tulimsikia tukiwa nje, tumekaa ukutani, Hodan katikati. Kusema haki alisikika vizuri sana. Kila neno. Wauza maziwa waliokuwa nje walikuwa wanaimba naye, na kile nilichokuja kukitafuta, mtu mmoja anavyoshika maelfu, niliona kwamba kinapita hata ukuta. Lakini sikuweza kukifurahia. Nilikuwa nasikiliza kifua cha mtu mwingine.

Hodan alininunia siku mbili. Ya tatu akasema, “Abti, na babu pia? Ulilazimika kumtaja na babu?”

Nikamwambia Hodan ni wengi.

Akasema, “Sasa niko mmoja.”

Dada yangu ni wiki ya tatu sasa hapokei simu zangu. Habari zake nazipata kwa Hodan.

Na habari ya mwisho ni hii, ndiyo iliyonifanya niandike. Baada ya tamasha wale wakwe walikaa kimya kabisa. Hakuna salamu, hakuna mtu kutumwa. Majuzi Mama Sahra akampigia dada. Wakasalimiana kirefu, mvua, mifugo, afya za watu wote. Kisha akauliza swali moja tu: ile pampu inapatikana maduka ya dawa ya hapa Garissa, au lazima iagizwe Nairobi?

Dada akamjibu inapatikana hapa. Mama Sahra akasema ahsante, akakata.

Basi. Mpaka leo hajapiga tena.

Hodan anasema hilo ni swali la mtu anayejiandaa kukaa na mgonjwa nyumbani. Dada anasema ni swali la mtu anayepima mzigo kabla ya kuuacha. Mimi nageuza yote mawili kichwani usiku na mchana, na sijui.

Sasa nirudi kwenye lile la matamasha. Yana faida? Kama uko peke yako na kifua chako kizima, nenda, hutajuta. Kama umeenda na mtu, basi kabla hujaingia jiulize mkitenganishwa kila mmoja atabaki na nini mkononi. Na dawa haibebwi na mtu mwingine, hata awe abti wako. Halafu walio karibu na mgonjwa wajue. Hilo la mwisho nimelijifunza kwa kumwona mwanamke mzima akilia kwa sababu tulimficha.

Wenye kuoa, wenye kuozesha, na hasa akina mama wenye wakwe: ninyi mnalisoma vipi swali la Mama Sahra? Semeni hata kama ni baya. Hodan naye anausoma uzi huu.